Mwendo wa Tigre

Jean-Claude alipokwenda Kamanyola kufuata magunia yake ya mchele, alimwachia mke wake Fabiola mbwa wao, Tigre. Wiki hiyohiyo vita vikafunga barabara. Simu ya Jean-Claude haikuita tena, na hakuna aliyejua kama yuko hai.

Kila alasiri Fabiola alimfunga Tigre kamba na kumtembeza mtaani kwao Bagira, na kila alasiri alirudi viganja vimechubuka. Mbwa alivuta kuelekea kila basi dogo lililosimama, akanusa miguu ya wanaume walioshuka, kisha akavuta kuelekea lingine.

"Ile imbwa itakuangusha, maman," alisema Papa Philémon, jirani aliyewahi kufuga mbwa wa ulinzi. "Akivuta, simama. Usimupige, usimuite. Kamba ikilegea, ndio uende."

Fabiola akajaribu. Walisimama mara nyingi hata wapita njia wakacheka. Taratibu Tigre akaelewa kwamba kuvuta hakumfikishi popote. Lakini bado hawakuelewana: Fabiola akiharakisha, kamba inakaza nyuma, akipunguza, inakaza mbele.

"Iko na mwendo yake," Philémon akamwambia. "Uitafute."

Aliupata siku ya manyunyu, akitelemka kwenye matope. Hatua ndefu, hatua fupi, kutua kidogo. Kamba ikalegea kabisa, na Tigre akatembea ubavuni mwake kwa adabu. Fabiola akafurahi, akaenda hivyo mpaka kwa Gisèle, muuza mandazi.

"Muguu inakuuma?" Gisèle akauliza.

"Hapana."

"Sasa unachechemea nini? Unatembea sawa na papa Jean..." Akajikatiza, akainama kugeuza mandazi.

Fabiola akaitazama miguu yake mwenyewe. Jean-Claude alivunjika mguu zamani kwenye ajali ya pikipiki, ukaunga vibaya, akabaki akichechemea. Tigre alikuwa amekulia kando ya mguu ule.

Tangu hapo aliogopa kutoka na mbwa, na bado alitoka. Akinyoosha mwendo, kamba inakaza, akichechemea, inalegea. Kuna nyakati alihisi si yeye anayeongoza. Kulikuwa na mtu mwingine njiani, anayetembea kwa miguu yake yeye, na Fabiola hakuthubutu kugeuka kumtazama.

Kisha Maman Eulalie, mama yake Jean-Claude, akaja kutoka Walungu kukaa naye. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuzima. Alasiri moja alikuwa ameketi sebuleni akichambua maharage, Fabiola aliporudi na Tigre. Kokoto za uani zikalia: hatua ndefu, hatua fupi, kutua.

Bakuli likaanguka.

"Jean-Claude?" sauti ikatoka ndani. "Mutoto wangu, umefika?"

Fabiola akakwama mlangoni. "Ni miye, maman. Ni miye na imbwa."

Eulalie alikuwa amesimama, mikono mbele, maharage yametapakaa miguuni pake. Fabiola alisubiri kilio, au laana. Haikuja. Mama akapapasa kiti, akaketi.

"Pita tena," alisema.

"Maman..."

"Pita, binti yangu. Vilevile."

Fabiola akamgeuza Tigre, wakarudi hadi getini. Wakaanza upya, kamba ikining'inia kati yao. Ndani, Eulalie alifumba macho na kusikiliza mwanawe akiingia uani.