Mwezi wa Tisa wa Nashilu

Hebu niambie, umewahi kumwona mjamzito ananyimwa maziwa na watu wanaompenda?

Mimi nimemwona, mwaka 1981, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Jina lake Nashilu, mimba ya kwanza. Tumbo lilipoanza kuonekana vizuri, mama mkwe wake, Sintamei, akampunguzia chakula. Uji mwepesi hadi unaona kitako cha kibuyu, na maji ya magome ya mti ya kumtapisha. Walitaka mtoto abaki mdogo, atoke bila kumuua mama yake.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa zahanati Karatu. Kimasai nilikiokota mnadani, nikiuza mahindi ya kwetu Endamarariek, ndiyo maana Sista Antonia alinichukua nimtafsirie. Alikuwa anasomea uuguzi wa juu. Chuo kilimtaka achague tatizo moja la wagonjwa, alishughulikie mwaka mzima, kisha aonyeshe kilichobadilika. Kwanza alichagua kunawa mikono. Mwalimu wake akamrudisha: "Chagua jambo ambalo ukiliacha, mtu anakufa." Basi akachagua njaa ya wajawazito.

Kila Jumatano tulipanda na Landrova ya chanjo, mzani wa kusimamia umefungwa kwa kamba nyuma. Antonia alifundisha kwa upole, hakuwa mtu wa kufoka. Wanawake walikaa na shuka zao mabegani, ukungu umeshuka hadi kwenye miiba ya boma, wanamsikiliza bila kuuliza kitu. Ukimya ule sikuupenda.

"Entito," Sintamei alimwambia siku moja, yaani msichana, "unamnenepesha mtoto tumboni. Nani atamtoa?"

"Akikwama tutampeleka hospitali, Yeyo," Antonia alijibu, akimwita mama kwa lugha yao. "Gari litakuja."

"Gari lipi? La watalii?" Wenzake wakaangua kicheko. "Wale wanampiga ng'ombe picha, wanakwenda zao!"

Antonia naye akacheka. Mimi nilitafsiri tu. Petroli ilikuwa shida mwaka ule, na ile njia ikilowa ni utelezi mtupu, bonde liko upande mmoja linakungoja.

Lakini Nashilu alipozimia akiteka maji, Sintamei aliogopa, akaanza kumpa maziwa. Jirani yao Nareyu, mjamzito naye, akaruhusiwa kula vilevile. Mashavu yao yakajaa. Antonia alifurahi sana, kila akishuka kwenye gari anawatafuta wale wawili kwanza. Nashilu mwenyewe hakuwahi kusema neno mbele ya wakubwa. Alipanda mzani, akashuka.

Masika yakaanza. Jumatano moja gari likashindwa kupanda, na iliyofuata pia.

Tulipofika tena, hata mbwa hawakubweka. Antonia aliweka mzani chini, akaufuta matope kwa kitambaa, akaita, "Nareyu!"

Akaita tena kwa nguvu, anatabasamu, akidhani yuko ndani. Mwanamke mmoja akajifunika shuka usoni. Sintamei akainuka, akamziba Antonia mdomo kwa kiganja.

"Usimwite huyo tena."

Nilielewa kabla ya kutafsiri. Kwao aliyekufa jina lake halitajwi.

"Mtoto alikuwa mkubwa," Sintamei alisema. "Akakwama. Wanaume wakambeba kwenye ngozi ya ng'ombe mpaka barabarani, wakangoja kwenye mvua. Hakuna gari lililopita."

Antonia akakaa matopeni na gauni lake jeupe. Nashilu alikuwa amesimama karibu na mlango, mwezi wake wa tisa, na macho yote yakahamia kwenye tumbo lile.

"Na huyu sasa?" Sintamei aliuliza. "Hata nikimfunga kinywa, tumbo limeshajaa. Niambie, nimfanye nini?"

Ngurumo ikapita juu yetu. Dereva wetu, Clemensi, akapiga honi. "Sista! Tuondoke, mvua hiyo! Ikitukuta kwenye kona hatupiti!"

Antonia akainuka, akamwendea yule binti.

"Nashilu, sijakuuliza hata siku moja. Wewe unataka nini?"

Nashilu akamtazama mama mkwe wake kwanza. Matone yakaanza kugonga bati la Landrova. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Nipande gari hili leo," alisema. "Nilale karibu na hospitali mpaka nijifungue, na Yeyo awe nami. Nilitaka hivyo tangu mvua haijaanza."