Mara ya Tano

Mimi naamini kanuni kuliko ninavyoamini watu, na anayesema nina kichwa kigumu aendelee kusema. Chukua diski yoyote ya filamu iliyotengenezwa upande wa pili wa dunia na watu wasionijua wala kunijali. Ilete dukani kwangu. Tundu la katikati litakaa kwenye mashine yangu bila kulazimishwa, upana wa diski nzima utakuwa sentimita kumi na mbili, na picha itaanzia ndani kwenda nje, kama ilivyoandikwa. Kuna watu walikaa mezani, wakabishana, wakakubaliana, kisha kila mmoja akaenda kwao akafanya alichosema atafanya. Hilo la mwisho sijalipata mahali pengine.

Duka langu ni chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne. Nauza diski halisi, si zile za kunakiliwa vichochoroni, na natengeneza mashine za kuzichezea. Wenzangu wananicheka, wanasema biashara hii inakata roho kwa kuwa siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Waache wacheke. Wateja wangu ni wale wenye makasha yao kabatini, wasiotaka kuambiwa mtandao umekatika. Wananiita Nukta, kwa sababu kila diski inayotoka kwangu naitia nukta ya rangi ya kucha kwenye lile duara angavu jirani na tundu, mahali ambapo kikanuni hapaandikwi kitu na mashine haisomi. Kila mwaka una rangi yake. Mtu akiniletea takataka ya mtaani akiapa kainunua kwangu, naigeuza tu mbele ya macho yake, nikikosa nukta namrudishia na tabasamu juu.

Ila hao watu wa mezani nao hawakuwa malaika. Waliigawa dunia maeneo sita, kila eneo wakalipa namba, ili filamu inayouzwa huku isichezwe kule kabla wenye mali hawajapenda. Diski halisi inabeba namba ya eneo lake, mashine nayo ina yake, na zikitofautiana hakuna sinema. Mashine iliyo ndani ya kompyuta waliihurumia kidogo. Hiyo unaruhusiwa kuibadilisha eneo mara tano. Ukiimaliza ya tano, imejifunga hapo hapo ulipoiacha, na hata ulie machozi ya damu haikusikilizi. Wajanja wanadai wana njia zao. Nimeletewa mashine walizozijaribia, zimekufa kifo kibaya.

Mume wangu ni mchomeleaji wa mabomba. Kazi yake ilikuwa ya mikataba, nchi ya mbali, eneo jingine kabisa kwenye ramani ya wale watu. Kompyuta yake mpakato ilikuwa imekwenda na kurudi naye, kwa hiyo siku alipoondoka kwa mkataba wa mwisho, miaka miwili bila likizo, nilimbadilishia mara ya nne. Nilifanya kwa mkono wangu, yeye amekaa kwenye kiti cha wateja, begi katikati ya miguu.

"Imebaki moja," nikamwambia. "Hiyo usiiguse. Ni ya siku utakayorudi moja kwa moja."

"Ya tano ni ya nyumbani," akasema, akanibana pua kama alivyozoea. "Naapa, fundi wangu."

Nilimwamini. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akirudi tutakwenda hospitali pamoja, tupimwe wote wawili, maana ndoa yetu ilikuwa na umri wa mtoto wa shule na mtoto mwenyewe hayupo. Mimi nilishapimwa peke yangu, sikukutwa na tatizo. Zamu yake ilipofika, alikuwa na safari kila mara.

Nilibaki na wifi yangu, dada yake mdogo. Alikuwa ananisaidia dukani, na ana mdomo wa kumuuzia mtu hata kasha tupu. Tulikula sahani moja, tukavaliana nguo, na mtu akinisema vibaya mtaani yeye ndiye aliyefunga kibwebwe kabla yangu. Ndugu niliozaliwa nao nilikuwa nawapigia simu kwa heshima tu. Huyu nilimpenda.

Mwaka huu, msimu wa mvua, alichukua katuni moja ya kiboko anayeogopa maji.

"Ya mtoto wa jirani yangu, wifi."

Nikaitia nukta ya kijani, rangi ya mwaka huu. Haukupita muda akairudisha imekwaruzika vibaya, mwenyewe kalowa, anahema.

"Mtoto kalazwa, wifi. Hali, halali, anamtaka kiboko wake tu. Nakuomba, fanya upesi."

Nikaweka kando kazi za watu. Niliipitisha diski ile kwenye mashine ya kung'arishia, kisha nikaisugua kwa kitambaa mpaka mkono ukafa ganzi. Mkwaruzo mmoja ulikataa katakata, mfupi, umepinda kama ukucha uliokatwa, nje kidogo tu ya nukta yangu. Haukuzuia picha, nikauacha. Sikutoza hata senti. Nilimfungia mtoto na penseli za rangi juu yake, nikasema, "Mwambie mama mwenye duka anamwombea apone." Wifi alinikumbatia akalia. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana huruma jamani, analilia hadi mtoto wa jirani.

Miezi ikapita, mume wangu akarudi na zawadi na mpango. Zawadi ilikuwa kasha zuri la filamu za kule, ambazo nilimwomba tangu mwanzo. Mpango aliutoa tukiwa mezani, wifi akiwapo. Mkataba mwingine umepatikana, ataondoka tena. Mama yake amezeeka, anaishi peke yake shamba, anahitaji mtu wa kukaa naye.

"Duka mwachie wifi yako," akasema. "Jumamosi umkabidhi funguo. Ni mpaka mama apate nafuu tu."

"Nitalitunza kama roho yangu," wifi akadakia, kabla sijafungua kinywa.

Duka lile nililianza na meza moja barazani. Kila rafu mle ndani niliikata na kuipigilia misumari mwenyewe. Niliuliza habari ya hospitali, akajibu tutakwenda tukishatulia. Nikameza. Nilijiambia mama mkwe ni mama, na nikakubali. Hadi leo najishangaa.

Jioni ile ile akatoa kompyuta, akaweka diski ya kwanza ya kasha lile, akanivuta nikae karibu. Mashine ikazunguka, ikagoma. Kwenye kioo kukaja maandishi kwamba eneo si sahihi.

"Fundi, mgonjwa wako huyo," akatania.

Nikafungua mipangilio. Eneo lililowekwa lilikuwa letu, la nyumbani. Mabadiliko yaliyobaki, sifuri.

"Umeibadilisha lini?"

Akakuna kidevu. "Aa, kuna mwenzetu alikuja kule na filamu ya huku. Vijana wakang'ang'ania. Nikabonyeza bonyeza, hata sijui nilibonyeza nini."

"Mashine inauliza. Inakwambia imebaki moja, inakuuliza kama unataka. Halafu inakuuliza tena kama una uhakika."

"Basi nilibonyeza ndiyo. Samahani, mke wangu. Ni mashine tu."

Nikacheka ili yaishe. Lakini nilijisikia mjinga, mtu mzima kuumia kwa ajili ya tarakimu kwenye kioo. Nilikuwa nimeitunza ile moja kichwani kwa miaka miwili, naihesabu kama akiba, kumbe mwenzangu aliitumia kufurahisha vijana wa kambini.

Ijumaa, yeye yuko kinyozi, nikatafuta waya wa kuchajia kwenye begi la kompyuta yake. Mfuko wa ndani ulikuwa na diski, haina kasha, imefungwa kwa karatasi laini. Nikaifungua. Kiboko. Nukta ya kijani. Na nje kidogo ya nukta, mkwaruzo umepinda kama ukucha.

Nilikaa kitandani. Rangi ya kijani nimeanza kuitumia mwaka huu, na mtu huyu alikuwa ughaibuni tangu mwaka juzi. Nilijaribu kumtetea, Mungu shahidi. Labda wifi alimtumia. Nani anamtumia mchomeleaji wa makamo katuni ya kiboko? Nilitafuta uongo wa kujidanganya nao na sikupata hata mmoja wa kutosha mwili wangu. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba angechukua nakala ya kichochoroni, zile hazina namba ya eneo wala nukta ya mtu, ile mara ya tano ingekuwepo bado, nisingejua mpaka naingia kaburini. Alinaswa kwa sababu wifi yangu aliona mtoto wa kaka yake anastahili diski halisi, kutoka duka la mke wa kaka yake.

Nikaitia diski kwenye mfuko wa aproni. Aliporudi nikamsifia nywele.

Jumamosi wifi aliwahi kufika, kapendeza, kajipaka wanja. Mume wangu alikuja naye, akasimama mlangoni kama shahidi. Niliweka funguo juu ya meza ya kazi, nikaziwekea mkono juu.

"Kabla sijakabidhi," nikasema, "kuna kiporo kimoja." Nikatoa diski. "Hii imekufa, haitengenezeki tena. Naivunja, isije ikauziwa mtu."

Nikaishika kingo mbili, nikaanza kuipinda. Diski ina uvumilivu wake, inapinda kidogo, halafu inalia.

"Usiivunje!" mume wangu akaruka kutoka mlangoni, mkono mbele. "Atalia."

Kisha akasikia alichosema.

Ghorofani mtu alikuwa anaburuta kiti. Nilikisikia mpaka kikafika kilipokuwa kinakwenda.

"Nani?" nikauliza.

"Si yule mtoto wa jirani, wifi," dada yake akaanza, "nilikwambia wakati ule wa mvua kwamba..."

"Wewe nyamaza, sijakuuliza. Huyu kaka yako karudi juzi. Mtoto wa jirani yako kamjulia wapi?"

Mume wangu akakaa kwenye kiti cha wateja, kile kile. Alitazama mikono yake. "Ana miaka mitatu," akasema.

Mitatu. Kwa hiyo siku ile nambadilishia mara ya nne, ananibana pua na kuapa, mtoto alikuwa anatambaa.

"Na wewe umerudi lini?"

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua! Mvua zile zile ulizonipigia simu ukaniambia huko vumbi limewafunika, hamuonani? Nikakwambia ufunge kitambaa puani?"

Wifi alianza kulia, na nilimwona kwamba analia kweli, kama alivyolia siku ya penseli. Hilo ndilo lililonikata maini. Angekuwa mnafiki tupu ningemjulia pa kumweka.

"Mama naye anajua?"

Wifi akainamisha kichwa. Basi kila mtu alijua. Shamba nilikuwa napelekwa kuhifadhiwa, kama kiti kibovu ambacho watu wanaona aibu kukitupa.

"Mtoto alikuwa amelazwa," mume wangu akasema. "Wodini hakuna cha kumtazamisha. Alikuwa hata halii tena, ananitazama tu. Ile kompyuta ikauliza... Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Ningebonyeza ndiyo. Nilijua hivyo palepale, na nilimchukia kwa kunifanya nijue.

"Ningebonyeza," nikamwambia. "Lakini mimi nisingekuwa nimemwapia mtu. Nilikuachia moja tu. Moja, ya kurudi nyumbani."

"Nilirudi nyum..." akasema, akakomea njiani.

"Malizia."

Akafuta uso kwa kiganja. Sijawahi kusikia neno likiniuma kama lile alilolikata nusu.

Nilichukua kitambaa nikaipangusa diski kutoka katikati kwenda ukingoni, kama inavyotakiwa, nikaitafutia kasha jipya. Nikamwekea mapajani. "Mpelekee. Huyo hajanikosea. Na hiyo kompyuta yako sasa ni ya kwake, imeshajifunga huko." Kisha nikachukua funguo nikazirudisha kwenye aproni. "Wifi, mkoba wako uko nyuma ya mlango. Leo sihitaji msaidizi. Wala kesho."

"Wifi, niliogopa tu kukuumiza..."

"Ndiyo maana ukanipa niisugue?"

Aliuchukua mkoba. Waliondoka pamoja, kaka mbele, dada nyuma, na hakuna aliyegeuka. Kasha la filamu za kule lilibaki mezani. Nina mashine moja rafuni inayosoma maeneo yote, ningeweza kuzitazama hata siku hiyo hiyo. Nililisukuma chini ya meza kwa mguu.

Ukuta wa duka langu ni mwembamba, na upande wa pili kuna fundi cherehani mwenye masikio. Nikaiwasha mashine ya kung'arishia, bila diski ndani, nikaiacha ingurume kwa nguvu zake zote, nikalia.