Nongo Kwenye Viti vya Mama

Mama mdogo ana macho ya mkaguzi. Akiingia nyumba ya mtu atakaa, atakunywa chai na kusifia kila kitu, halafu akifika kwake anawapigia ndugu wote simu kuwasimulia vumbi aliloliona. Kwa hiyo niliposikia anakuja Jumapili, nilifika kwa mama Ijumaa jioni nikiwa nimeshakasirika.

Sikukosea. Viti sita na kabati la sahani, vyote kazi ya marehemu baba aliyekuwa seremala, vilikuwa na nongo nyeusi inayonata, imeganda kwenye ukingo wa juu wa kila kiti na kuendelea kwenye kabati mpaka mlango wa jikoni. Na viti vyenyewe havikuwa mezani. Vilisimama kimoja kimoja katikati ya sebule kama watu kwenye foleni.

"Mama, hii nyumba au stoo?"

"Viache hapo hapo, mwanangu. Nimevizoea."

"Mama mdogo akiviona atatutangaza."

"Haya," akasema, nami nikajua nimeshinda.

Hasira yangu ilikuwa na hoja. Kila mwezi namtumia picha zangu kwenye simu, na kila mwezi hunirudishia ujumbe wa sauti: nimeziona, umependeza. Macho ya kuona gauni langu jipya anayo, ya kuona nongo hana?

Jumamosi nzima nilisugua. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, maana baba alituonya tangu utotoni kwamba mbao haziloweshwi. Nikakausha, nikapaka mafuta ya kitani nikifuata nyuzi za mbao, kisha nikavisukuma viti vyote mezani. Vilipendeza, na nilijisifu kwa sauti. Mama alishinda kitandani akisema kiuno kinamsumbua. Nilimpelekea chakula huku nimenuna, kwa kuwa hakutoka hata kuja kuangalia.

Jumapili mama mdogo akaja, akapitisha kidole juu ya meza, kikatoka safi. Nikavimba kichwa.

"Mama, mgeni wako huyu hapa," nikaita.

Mama akatoka chumbani amevaa gauni lake la kutokea, anatabasamu. Akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta kiti cha kwanza. Mkono ukapita hewani. Akapiga hatua, akanyoosha tena, akaligusa kabati, lakini mafuta yalikuwa hayajakauka. Vidole vikateleza, akaanguka kwa magoti mbele ya mdogo wake.

"Viti viko wapi?" akauliza.

Vilikuwa hatua mbili mbele yake, vinang'aa.

"Dada haoni," mama mdogo akasema taratibu, akainama kumwinua. Kisha akaniangalia. Natamani angenitukana. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nongo ile ilikuwa mkono wa mama, siku baada ya siku, kutoka chumbani hadi jikoni, na mimi nilikuwa nimeisugua kutwa nzima nikimsema kwa uchafu.

Nilivirudisha viti kimoja kimoja. Mama akawa anapima kwa mkono na kunielekeza, "Kisogeze kidogo. Hapo."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na zile picha?"

"Si ulikuwa umependeza?" Akakishika kiti cha tatu. "Ningekwambia, ungeacha kazi urudi kukaa na mimi. Nakujua wewe."

Niliinamisha kichwa, ingawa hakuwa wa kuniona. Mama mdogo aliniona. Mimi ninajijua kuliko mama anavyonijua: nisingerudi. Ningetafuta sababu, na ningeipata. Nikachukua kitambaa kikavu, nikaanza kufuta mafuta kwenye ukingo wa kabati, pale mkono wake unapopita.