Orodha Haina Rangi

Kumtoa Déogratias Mugisho katika shule ile kungehitaji tingatinga, kikosi cha polisi na barua ya mfalme yenye mihuri miwili. Ndivyo alivyosema mwenyewe, Jumanne moja ya Februari, akiwa amesimama na soksi juu ya dawati, akibandika utepe wa gundi kwenye ufa wa dirisha.

"Na hata hiyo tingatinga," aliongeza, "dereva wake itabidi kwanza aongee na chama cha walimu."

Darasa lake lilikuwa kibanda kilichowekwa uani kwa muda, miaka kumi na nne iliyopita, na muda huo ulikuwa haujaisha. Kipasha joto kilinguruma kama ng'ombe mgonjwa bila kupasha chochote. Watoto thelathini na mmoja wa darasa la sita walikuwa wametoka kwenda mapumziko, na usingeona koti hata moja kwenye kulabu za ukutani, kwa maana tangu Krismasi walisoma na makoti mwilini. Wenye glavu waliandika kwa glavu, na hati zao zikawa kama za daktari.

Katunge alikuwa amelishika dawati lisiyumbe. Alikuwa mwalimu wa muda, mzaliwa wa Machakos, mwaka wake wa sita wa kuamshwa na simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi na kuambiwa leo nenda shule fulani, kuna mtu ana mafua. Siku hiyo mafua yalikuwa yamempata mwalimu wa darasa la tatu, ndiyo maana alikuwepo.

"Sawa, mheshimiwa," alisema. "Lakini shuka kwanza. Ukivunjika mguu, chama hakitakuja kukubeba."

Ndege ikapita juu ya paa. Wote wawili wakanyamaza bila hata kujua wamenyamaza, kama watu wote wa Malton, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege wa Toronto, wanavyofanya, wakangoja iende zake.

"Minakuambia kweli," Déogratias akaendelea alipokuwa chini, akitafuta kiatu. "Mimi ni mwakilishi wa chama. Mwakilishi haguswi."

Na kweli, beji ya uwakilishi aliivaa hata kanisani, juu kidogo ya msalaba. Alikuwa amefundisha hesabu Bukavu miaka tisa. Toronto ilichukua miaka mitatu kukubali kwamba hesabu za Bukavu ni hesabu. Kisha akawa mwalimu wa muda miaka saba, mitano kati ya hiyo kwenye kibanda hichohicho, ndipo akapewa ajira ya kudumu, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Walimu walikuwa ishirini na wanane, na mweusi alikuwa yeye peke yake. Watoto, zaidi ya nusu walikuwa weusi: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wajamaika, Wanaijeria. Wavulana wakigombana koridoni, aliitwa Mugisho. Mzazi akija na Kifaransa au Kiswahili, aliitwa Mugisho. Mpiga picha wa kalenda ya bodi ya shule akija, Mugisho aliitwa kabla hata mpiga picha hajavua koti. Nafasi za ukuu wa idara zilipotangazwa, sauti za kumwita zilikauka ghafla, labda nazo zilishikwa na mafua.

Kwa hiyo chama kilikuwa kila kitu. Chama kilimpa ufunguo wa kabati, ubao wa matangazo na neno "ndugu" mbele ya jina lake.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakupenda kulikumbuka mbele ya Katunge. Novemba iliyopita, katika ukumbi wa hoteli karibu na uwanja wa ndege, walimu mia nne walikutana kupitia mkataba wao. Katunge alipeleka hoja. Aliomba siku za ualimu wa muda zihesabiwe kwenye Orodha ya Ukongwe, ile orodha inayopanga nani alitangulia na nani alichelewa, ambayo shule zikipunguza watu hukata kuanzia mkiani. Alieleza kwa upole kwamba wanaosota miaka mingi kwenye ualimu wa muda wanafanana sana kwa sura, na kwamba panga likishuka litajua pa kwenda.

Kabla ya kura, mwenyekiti wa tawi, mama mwenye sauti ya kubembeleza watoto walale, alimvuta Déogratias pembeni ya birika la kahawa. Alimwambia serikali inangoja nafasi ya kuichana orodha hiyo. Tukiifungua kwa huyu, wataifungua kwa wote. Orodha haina rangi, ndugu, ndiyo uzuri wake. Kisha akamshika kiwiko. Alimwomba akae safu ya mbele, na wakati wa kupinga, ainue mkono mapema, watu wamwone.

Déogratias alijiona amerefuka. Miaka yake saba alijua imo kwenye orodha tayari. Yeye si mwakilishi? Hoja hii ilikuwa ya akina Katunge, waliochelewa. Alikaa mbele, akainua mkono mapema, akatazama zulia mpaka wahesabu kura walipomaliza kupita. Hoja ikaanguka. Baadaye Katunge alipomuuliza alikuwa wapi, alisema alikuwa kwenye foleni ya choo. Katunge aliitikia kwa kichwa, akasema foleni za hoteli ile ni mbaya kweli.

Wiki mbili baadaye chama kilimpiga picha. Bango likatoka: Déogratias anacheka, mikono imekunjwa kifuani, na chini yake maandishi makubwa kwamba chama ni cha kila mtu.

Aprili, mwalimu mkuu, Almina, alimwita ofisini.

Almina alikuwa mtoto wa Kihindi wa Upanga, Dar es Salaam, aliyeletwa Kanada akiwa na miaka kumi, na kila asubuhi alikuja na gari kutoka Unionville akiwa na chupa yake ya chai ya tangawizi. Walimu wakuu hawamo kwenye chama. Kiswahili alikitoa kwa Déogratias tu, tena kwa mambo ya heri na ya msiba. Siku hiyo alianza kwa Kiingereza, akasita, akaingia kwenye Kiswahili. Déogratias alipaswa kushtuka hapo.

"Kaa, Mwalimu."

Alieleza kwamba kodi za nyumba zimepanda na familia zinahama, wengine Windsor, wengine Alberta. Watoto arobaini na saba hawatarudi Septemba. Bodi inaondoa nafasi mbili.

Déogratias alitoa kalamu na daftari la uwakilishi. "Pole yao hao wawili," alisema. "Bon. Nipe majina, Madamu, nitaongea nao mimi kwanza. Habari kama hizi mtu hapaswi kuzipokea bila chama kuwa karibu."

Almina alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaigeuza karatasi iliyokuwa mezani, akaisukuma.

Majina ishirini na manane. Déogratias alianza kusoma kutoka juu, kwa mazoea. Alipofika katikati hakuwa amejiona, akacheka kidogo, akasema wamemruka. Alijiona namba ishirini na saba. Chini yake alikuwepo binti wa muziki aliyeajiriwa mwaka jana.

"Hapa kuna kosa. Miaka yangu saba iko wapi?"

"Ilikuwa ya muda. Haihesabiwi."

"Nani amesema?"

"Mkataba wenu, Mwalimu. Orodha inatoka kwa chama, mimi naletewa tu." Almina alishika chupa yake ya chai, hakunywa. "Nimewaandikia bodi. Nimewaambia nusu ya watoto wangu wanafanana na mtu mmoja tu kwenye jengo hili, na mtu mwenyewe ni huyu mnayemwondoa. Wakanijibu mstari mmoja. Wameandika kwamba orodha haina rangi."

Déogratias alifungua mdomo, ndege ikapita. Ilikuwa kubwa, ya mizigo, ikachukua muda wake.

"Kuna swali moja lazima nikuulize, ni la kwenye fomu," alisema Almina, na sasa hakumwangalia. "Ungependa mwakilishi wa chama awepo kwenye kikao hiki?"

"Mwakilishi ni mimi."

"Najua. Lazima nikuulize."

"Yupo," alisema Déogratias.

Almina akaweka alama kwenye kisanduku.

Alipompigia mwenyekiti wa tawi, yule mama alihuzunika kwa dakika nzima, kwa sauti ileile. Alimweleza kwamba hajafukuzwa, amehesabiwa kuwa amezidi, na kuna tofauti kubwa. Anaweza kurudi kwenye orodha ya walimu wa muda, na kwa uzoefu wake simu zitakuwa nyingi. Alimwuliza pia kama wanaweza kuendelea kulitumia bango, maana nakala elfu mbili zilikuwa zimeshachapishwa.

Jumapili iliyofuata habari zilikuwa zimeshafika kanisani kabla yake. Kanisa la Wakongo na Warundi lilisali saa nane mchana, kwa sababu asubuhi jengo lilikuwa la wenyewe. Baada ya ibada wazazi walibaki. Donatienne, ambaye wote walimwita Mama Carmel, alikuwa na sare yake ya kutunzia wazee, zamu yake ikianza saa kumi na moja. Ndiye aliyeitisha mkutano. Carmel wake alikuwa amechukia hesabu tangu darasa la kwanza, na mwaka huu, ndani ya kile kibanda, alikuwa amepata alama za kubandikwa kwenye friji. Mama Carmel alisema Jumatano wote wataenda kwenye kikao cha bodi, atakayekosa ruhusa kazini aseme anaumwa. Kwa kuwa barua ilihitaji Kiingereza cha kunyooka, alikuwa amemwomba yule mwalimu Mkenya aliyewahi kushika darasa la Carmel aje kuiandika. Katunge alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Barua ilikuwa na safu mbili za sahihi. Moja ya wazazi, moja ya walimu. Ilianza kuzunguka.

Mchungaji akamwomba Mwalimu aeleze. Déogratias akasimama. Beji ilikuwa mahali pake. Alieleza habari za nafasi mbili, za kodi, za Windsor, na watu walikuwa wakiguna mahali pa kuguna. Angeweza kukaa hapo na mambo yakaisha salama.

"Na chama yako?" aliuliza Mama Carmel. "Ile uliyotuambia haiwezi kukuacha. Weye ilikusaidia nini?"

Watu wakamgeukia. Watoto walikuwa mstari wa pembeni na simu zao, wale wanaoulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, nao wakainua macho. Carmel alikuwa miongoni mwao.

"Nilipigana," alisema Déogratias. Neno likatoka zuri, akalifuata. "Novemba kulikuwa na hoja, siku zetu za muda zihesabiwe. Walimu mia nne ukumbini. Nilikaa mbele kabisa ili wanione. Nikasimama na hoja ile mpaka mwisho. Tulishindwa, wapendwa, lakini mkono wangu ulikuwa pale."

Amina zikasikika. Mzee mmoja akapiga kofi la pajani. Mama Carmel alifuta jicho kwa kola ya sare, akasema basi hayo ndiyo tutakayoyasema Jumatano, kwamba tulikuwa na mtu mmoja na alisimama.

Karatasi ilikuwa imefika nyuma. Katunge aliishika, kalamu mkononi, hakusaini. Aliinuka taratibu kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Samahani, Mchungaji. Samahani, wazazi. Hilo msiliseme Jumatano," alisema. "Wale watu wa chama watakuwepo, na wana kumbukumbu."

Hakupandisha sauti. Alimwangalia Déogratias karibu kwa huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwalimu, kila upande wa hoja uliruhusiwa kutoa mhesabu kura mmoja. Upande wangu tulikuwa wachache, nikahesabu mwenyewe. Tulipita nyuma ya viti. Zile safu za mbele zilikuwa zangu, na waliopinga nilianza kuwahesabia kwako. Moja ilikuwa wewe."

Kwenye mstari wa pembeni hakuna mtoto aliyehitaji kutafsiriwa.

Katunge aliirudisha karatasi kwa aliyekuwa mbele yake, naye akaipitisha, mkono kwa mkono, mpaka ikamfikia Mama Carmel. Aliitazama. Safu ya wazazi ilikuwa imejaa hadi pembeni, majina yamepandiana. Safu ya walimu ilikuwa nyeupe.

Alimsogezea Déogratias karatasi na kalamu bila kumwangalia usoni.

"Andika basi," alisema. "Kule kwa walimu. Hatuna mwingine."

Déogratias akainama. Huko nyuma Katunge alikuwa bado amesimama, akiutazama mkono ule wa Mwalimu.