Kiti cha Kumi na Mbili

Agnes alianza kufagia kanisa letu mwaka aliofiwa na mumewe, na kila akimaliza alipanda kwa Mzee Amosi kumwosha miguu. Kigango chetu kiko juu ya Mlali, kule ambako pikipiki zinashindwa na mtu anamalizia safari kwa miguu. Amosi alirudi huku kutoka pwani akiwa na matende. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba, ngozi imejikunja, na katikati ya vidole palikuwa na vidonda vilivyotoa harufu. Jumapili alikaa nje chini ya dirisha, hata mvua ikinyesha. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Watu walikuwa wanahama benchi tu, mpaka akaelewa.

Mwaka huu, siku chache kabla ya Alhamisi Kuu, Mzee Gabrieli, mwenyekiti wa kigango, alisoma majina ya watu kumi na wawili ambao padre angewaosha miguu. Jina langu, Mwalimu Innocent, lilikuwa la kumi na moja. La mwisho lilikuwa la Agnes.

"Tumemkumbuka kwa ajili ya usafi wake," alisema Gabrieli. Tukapiga makofi.

Tulipotoka, Agnes akamfuata. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Mwenyekiti, nafasi yangu nampa Mzee Amosi."

"Nafasi si yako kugawa, Agnes. Tuna wageni kutoka mjini, watapiga video. Unataka wakae na harufu ile?"

"Harufu ile naijua mimi. Wewe umeisikia kwa mbali tu."

"Mwambie akae alipozoea. Kigango hiki nakiongoza mimi."

"Kiongoze. Lakini usiniambie nimwache nje mtu niliyemwosha asubuhi."

Mimi nikawapita. Nilikuwa nawaza soksi mpya nitakazovaa.

Baadaye nilisikia kwamba Amosi mwenyewe alikataa kwanza. Alimwambia Agnes hataki kutazamwa. Agnes hakumbembeleza, alimuuliza swali moja: unataka kukaa ndani, au hutaki? Amosi akasema anataka. Kwa miaka minne alikuwa anasikiliza misa dirishani.

Alhamisi ilipofika, viti kumi na viwili vilipangwa mbele ya altare. Sote tulikuwa tumeshakaa, kasoro kimoja. Agnes akaingia kwa mlango mkubwa akiwa amemshika Amosi mkono. Walitembea polepole sana, maana hakuwa na namna nyingine ya kutembea. Kwaya ikapoteza wimbo. Agnes akamkalisha kwenye kiti cha kumi na mbili, pembeni yangu, naye akabaki amesimama nyuma yake.

Harufu ikanifikia. Nakiri kwamba nilishika kiti changu nikisogeze. Agnes akanitazama, nikakiachia.

Gabrieli akaja anainama kama mtu anayepita mbele ya watu wanaosali. "Mtoe," akanong'ona.

Agnes hakunong'ona. "Mtoe wewe, Mwenyekiti. Mshike mkono umtoe."

Gabrieli akanyoosha mkono. Ukafika nusu ya njia, ukarudi. Kanisa zima liliuona ukirudi. Akasimama pale kidogo, halafu akaenda kukaa.

Padre alikuwa kijana, mgeni parokiani. Alituosha mmoja mmoja, mguu wa kulia, maji kidogo, taulo mara moja, anasogea kwa mwingine. Alipofika kwa Amosi akasita, akamwaga maji, akapitisha taulo juu juu na kuanza kuinuka.

"Padre, bado," alisema Agnes.

Akamwonyesha mguu kwa kidole.

"Katikati ya vidole. Ukiacha unyevu, usiku hatalala."

Nilidhani padre atakasirika. Akabaki amepiga magoti, uso umemwiva. "Nifanyeje?" akauliza.

"Tenga vidole kimoja kimoja. Kausha bila kusugua. Hapo pana kidonda, taratibu."

Padre akafanya kama alivyoambiwa.

"Na mguu wa pili," akasema Agnes.

Akauosha na wa pili. Amosi alikuwa ametazama juu kwenye mabati, amebana midomo.

Wiki iliyofuata Pasaka, halmashauri ya kigango ikamwita Agnes. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Alitakiwa aombe radhi mbele ya waumini kwa kumkaidi kiongozi na kumsahihisha padre kwenye ibada.

"Sitaomba," alisema. "Padre mwenyewe hajanilalamikia."

"Basi rudisha ufunguo wa kanisa," akasema Gabrieli.

Akauweka mezani bila kuutupa. "Kanisa mtafagia wenyewe. Miguu ya Amosi nitaiosha, na kwa hilo siombi ruhusa ya kikao."

"Nani amekupa mamlaka ya kusema hivyo?"

"Njoo kesho saa moja asubuhi ushike beseni," Agnes akajibu. "Halafu ndiyo tuulizane nani ana mamlaka."

Akatoka. Niliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Gabrieli akaniambia niyafute. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nami sikufuta.

Kesho yake Gabrieli hakwenda. Nilikwenda mimi.

"Shikamoo, mama," nilisema mlangoni kwa Amosi.

"Marahaba, Mwalimu. Nawa mikono kwanza."

Siku ile nilitaka kutapika mara mbili. Siku ya nne sikutaka tena. Kisha akaja Shadia, jirani Mwislamu, ambaye mumewe alikuwa na mguu kama ule na kwa miaka mingi hakutoka nje mchana. Alitaka kufundishwa. Masika ilipokwisha tulikuwa saba, tunagawana nyumba za wagonjwa. Mtu akiugua, Agnes ndiye aliyeitwa kabla ya mwenyekiti. Hata wagomvi walianza kumfuata awaamue, naye aliwaamua huku anaosha.

Asubuhi moja mjumbe wa Gabrieli akaja na ujumbe: tusijiite jumuiya, kwa sababu hatutambuliwi, na tena tuna watu wasio wa kanisa.

Agnes alikuwa amepiga magoti, taulo begani. Hakuinua kichwa.

"Mwambie hatujaomba jina," alisema. "Kama ana sabuni, alete."