Kwao Mzee Lojze

Alasiri ikifika, Mzee Lojze hakaliki. Mara mlangoni, mara dirishani, mara anatafuta kofia iliyo kichwani mwake. "Nakwenda kwetu," husema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Kwao ni Suhodol, kijiji cha Slovenia kilichobanwa na milima ya mawe, ambako kijito hupita mbele ya kanisa kisha kikazama shimoni, kisionekane tena. Mkewe alipofariki, mwanawe Borut, mhandisi, alimleta hapa Abu Hamour, mtaa wa mji wa jangwani anakofanya kazi, akamkabidhi kwa mtumishi wake, Husna wa Makunduchi. Na onyo ameshalitoa: mzee akitoka nje tena, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee huko Ulaya, asikokuwa na jamaa. Husna alimpenda mzee wake, na onyo lile lilimnyima raha.

Humtuliza kwa kumuuliza habari za kwao. Mzee hupanga tende mezani: hapa kwa Mhunzi, hapa kwa Mshona Viatu, maana kwao nyumba ina jina lake hata mwenyewe akihama. Kisha huzifagia zote kwa kiganja. Wakati wa vita askari wa Italia walikichoma kijiji, na yeye, kitoto, akalazwa kwa watu baki ng'ambo ya mlima.

Siku hiyo tende hazikufua dafu. Mzee alivaa koti, joto lote lile, akampa Husna mkono, akaaga kwa adabu. Hapo Husna akafanya kosa la kikwao: mgeni akiaga hafungiwi mlango, husindikizwa.

"Haya babu, nikusindikize."

Wakatoka. Kuta nyeupe, mageti yaleyale. Husna, aliyezoea kupita pale ndani ya gari tu, akazunguka weee asiione njia ya kurudi, hadi machozi yakamlenga. Loo, msindikizaji gani huyu!

Mzee akamtazama, akatulia ghafla. Akashika mbele. "Kwa Mhunzi," akasema, akionyesha geti la chuma. "Kwa Mshona Viatu." Wakaibukia nyumbani.

Borut alikuwa getini, amewiva kwa hasira. "Husna! Nilikwambia nini?"

"Usimfokee," mzee akasema, akijiweka kati yao. "Binti huyu amepotea. Kwao mbali. Leo atalala kwetu."

"Kwetu wapi, baba?"

Mzee akamshangaa mwanawe. Akamsogeza kando, akalifungua geti mwenyewe, akavua kofia.

"Pita, mwanangu," akamwambia Husna.