Hodi Isiyosikiwa

Jumanne moja, saa nne na nusu asubuhi, Adolphine alikuwa barazani kwake, mtaa wa Bel-Air mjini Lubumbashi, akimsuka jirani yake Benita. Alikuwa amefika mstari wa sita, juu kidogo ya sikio la kushoto, mikono yake ilipoanguka mapajani na kukataa kupanda. Akaiamuru tena. Mikono iliyopanda ikawa ya Benita. Ilizishika nywele za Benita mwenyewe, ikazigawa, ikasuka mistari yote iliyobaki, upesi na kwa ufundi ambao Benita hakuwahi kuwa nao. Alipomaliza alijitazama kiooni, akasema tu kwamba kule kisogoni imepinda kidogo, akaenda zake sokoni.

Gauthier, mume wa Adolphine, alikuwa uani akichomelea geti la mteja, na aliona yote. Kilichomsumbua ni kwamba mkewe alikaa muda wote ule bila kumsengenya mtu.

Tangu siku hiyo nyumba ikapata utaratibu mpya. Asubuhi Adolphine alikuwa mzima wa afya: alifua, alifagia, alimtania mumewe. Ikifika saa nane mchana kope zilimlegea, shingo ikashindwa na kichwa, na amri zake zikaanza kutoka nje na kumwingia yeyote aliye karibu. Mara nyingi aliyekuwa karibu ni Gauthier. Mezani Adolphine alitia mdomoni tonge la bukari, ugali wa kwao, na sombe ya kisamvu yenye nyama, na taya lililotafuna likawa la Gauthier, huku tonge lenyewe limekaa palepale shavuni kwa mkewe.

"Weye, leo unatafuna sana," Gauthier alimwambia, akijisugua taya.

"Ni nyama ya ng'ombe muzee," Adolphine akajibu. Sauti yake siku hizo ilikuwa ikitokea puani.

Gauthier akampeleka kwenye kituo cha afya cha mtaa, akawekewa chupa ya kinini mshipani. Alirudi amelegea zaidi. Akampeleka mara ya pili, akawekewa nyingine, akarudi hawezi hata kufunga kanga. Gauthier akaona malaria hii ni kaidi, akampeleka mara ya tatu. Ndivyo tulivyo mji huu: mtu akilegea ni malaria, na malaria ni kinini, na hakuna anayeuliza zaidi. Hata mimi ninayesimulia nimemezeshwa yangu ya kutosha.

Mara hiyo ya tatu walimkuta Léa, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akifanya mazoezi pale. Kabla ya kugusa chupa yoyote, Léa alimwambia Adolphine atazame juu, darini, bila kushusha macho. Kope za Adolphine zikashuka. Za Gauthier zikapanda, zikabaki wazi dakika nzima mpaka machozi yakamtoka. Léa akaandika jambo hilo kwenye faili, chini ya uzito na joto la mwili.

"Baba, neva zake ziko muzuri," alisema. "Zinaleta amri mpaka ku mulango ya musuli, zinapiga hodi. Lakini mwili yake yeye mwenyewe ilikula masikio ya musuli. Ile hodi hakuna mwenye kuisikia."

"Na inaenda wapi?"

"Inaenda kwako."

Gauthier akaitikia kwa kichwa, maana hilo alikuwa analijua.

"Dawa yake iko, ila hapa Lubumbashi niliitafuta, sikuipata," Léa akaendelea. "Na kinini inafunga hata ile masikio kidogo yenye inabakia. Bauguzi basimupe tena kinini, hata kidogo." Akaliandika hilo pia, kwa wino mwekundu. Ijumaa mazoezi yake yakaisha, akapanda basi la Kolwezi.

Wiki tatu baadaye Adolphine alipata homa ya kweli, yenye kikohozi. Asubuhi ya Jumamosi Gauthier akambeba kwa pikipiki mpaka kituoni, kwa sababu hakukuwa na pengine penye kitanda. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Julienne, muuguzi mwenye roho nzuri na miaka ishirini ya kazi. Alilitafuta faili. Faili lilikuwa kabatini, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa matangani Kipushi.

"Dokta Léa alikataza kinini," Gauthier akasema. "Aliandika na wino mwekundu."

"Dokta Léa iko wapi?"

"Alienda."

"Mi niko hapa, baba. Bibi yako iko na homa ya trente-neuf, thelathini na tisa. Ukikataa dawa, weka signature hapa, umubebe."

Gauthier aliishika kalamu. Aliogopa kinini. Aliogopa na homa. Lakini hofu iliyompita nguvu ilikuwa ya kuwa mwanaume aliyekataa dawa ya mkewe, na watu wote wa parokia wakajua. Aliona haya kuigundua hofu hiyo ndani yake, na bado akairudisha kalamu.

Kituo hakikuwa na cha kutundikia chupa ya kinini. Ndugu wa mgonjwa ndiye anayeishika, juu ya kichwa chake, mpaka iishe. Gauthier akaishika. Haikupita dakika kumi mkono wake wa pili ukanyooka wenyewe, ukafunga kigurudumu cha mrija, dawa ikakatika. Mama Julienne akaja kukifungua. Alipoinama karibu na kitanda, vidole vyake mwenyewe vikachomoa sindano kutoka mkononi mwa Adolphine, taratibu, vikakandamiza pamba kama inavyotakiwa.

"Ni yeye anaichomoa," Gauthier akasema.

"Najua," Mama Julienne akajibu. "Bagonjwa bengi habapendi sindano." Akatafuta mshipa wa mkono mwingine, akaichoma upya.

Ilipokaribia saa saba Gauthier alianza kupumua mara mbili. Pumzi moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuja nyuma yake, fupi, ya haraka, na aliitambua, maana alikuwa amelala kando yake miaka kumi na saba. Kifua cha Adolphine kilikuwa kimetulia, hakipandi wala hakishuki. Gauthier akarudi nyuma hatua moja, kisha nusu hatua, ili amri isimpate, ibaki kwa mwenyewe. Mrija ukavutika. Haukumruhusu kufika mlangoni.

"Mama Julienne," aliita. "Ninapumua yake."

"Ni wasiwasi, baba. Sogea karibu na kitanda, na inua chupa. Dawa inasimama."

Gauthier akasogea, akainua mkono. Akavuta pumzi yake, kisha akavuta ya mkewe.